Kitambua moshi chenye amerisiamu: kinachofaa na kisichofaa katika nyumba za Lubumbashi

Ni kisahani cheupe cha plastiki, upana wake kama kiganja kilichokunjuliwa. Utakikuta katika maduka ya vifaa vya umeme katikati ya mji, na pia kwenye meza za soko la Kenya, ule mtaa wa mji wetu, mara ndani ya boksi lake, mara peke yake kimefungwa kwa mfuko wa plastiki. Wauzaji wengi hukiita detekteri. Kazi yake ni moja tu, kulia kwa nguvu moshi unapoingia ndani yake. Tunachokipima hapa ni kile cha ayoni (vipande vya hewa vilivyoshika umeme), chenye chembe ya amerisiamu-241, elementi inayotoa mnururisho, tumboni, kinachotumia betri ya volti 9.

Uamuzi tunautoa mapema kwa ajili ya mwenye haraka. Kwa sebule ya nyumba yenye mishumaa, jenereta na nyaya za umeme zilizochoka, hiki ni kifaa kizuri sana na tunakipendekeza bila kusita. Kwa chumba cha kulala peke yake hakitoshi. Kwa gesi ya mbabula, yaani jiko la makaa, hakisaidii hata kidogo, na hilo tutalirudia kwa sababu kuna watu wanaokinunua kwa ajili hiyo.

Kwanza hakikisha unachouziwa ndicho. Kigeuze usome mgongoni. Kitambua moshi cha ayoni lazima kiwe na alama ya mnururisho, ile ya mapanga matatu yanayozunguka kitone, na maandishi "Am-241" yakifuatwa na kiasi cha mnururisho: 37 kBq (kilobekereli), au 33.3 kBq, au kwa kipimo cha zamani 1 µCi au 0.9 µCi. Usipoiona alama hiyo wala "Am", ulichoshika ni cha mwanga, kinachofanya kazi kwa taa ndogo na jicho la elektroniki. Si kibaya, ila ni kifaa kingine. Boksi likiandikwa "DAAF", kifupisho cha Kifaransa cha kitambua moshi, usipoteze muda kutafuta amerisiamu humo. Ufaransa hairuhusu vya ayoni majumbani, na tangu tarehe 8 Machi 2015 kila nyumba huko inatakiwa kuwa na kitambua moshi, kwa hiyo vinavyotoka huko ni vya mwanga. Vya ayoni vinavyofika Lubumbashi kwa kawaida vina maandishi ya Kiingereza, maana vilitengenezwa kwa soko la Marekani au Uingereza. Mezani aina zote mbili huwa zimechanganywa na kuuzwa kwa jina moja. Muuzaji si mwongo, ila hajawahi kugeuza mgongo wa kifaa na kusoma.

Jambo la pili la kusoma ni tarehe. Maisha ya kifaa hiki ni miaka 10 tangu kilipotengenezwa, si tangu uliponunua. Kilichotoka kiwandani miaka 8 iliyopita kimebakiwa na miaka 2, hata kama boksi halijafunguliwa, na bei yake ishuke ipasavyo. Kilichovuka miaka 10 usikinunue kwa bei yoyote, hata muuzaji akikuonyesha kwamba bado kinalia. Kulia ni jambo moja, kuhisi moshi ni jambo jingine.

Hapo huwa panazuka ubishi, na ni ubishi wenye akili: ikiwa amerisiamu ina nusu-maisha (muda wa kupungua hadi nusu) ya miaka 432, mbona kifaa kinakufa baada ya 10? Jibu ni kwamba amerisiamu haifi. Ndani ya miaka 10 inapungua kwa asilimia 1.6 tu, kiasi ambacho kifaa hakikisikii. Kinachozeeka ni vilivyoizunguka. Vumbi hugandamana ndani ya chemba, yaani kikopo kinachohisi moshi, vituo vya betri hushika kutu, pembe ya sauti hudhoofika, na viungo vya bodi ya elektroniki hupata nyufa. Mtu akikuambia "hiki hakizeeki kwa sababu cha ndani kinadumu karne nne", amesema kweli kuhusu chembe, amekosea kuhusu kifaa.

Ukikifungua kifuniko cha nje ili kuweka betri, tazama kilichomo. Upande mmoja kuna nyumba ya betri. Jirani yake kuna duara jembamba la shaba lililowekwa ndani ya plastiki yenye tundu, hiyo ndiyo pembe. Katikati kuna kikopo cha chuma kinachong'aa, kifupi kama kifuniko cha chupa kubwa, chenye nafasi nyembamba pembeni ambamo hewa hupita. Hicho ndicho chemba ya ayoni, na juu yake mara nyingi alama ya mnururisho imerudiwa. Humo ndani, chini kabisa, kuna kitone cha bati laini chenye upana wa milimita chache. Kimetengenezwa kwa matabaka: fedha chini, dioksidi ya amerisiamu iliyochanganywa na dhahabu katikati, kisha utando wa dhahabu au paladiamu juu, mwembamba mno, wenye unene wa takriban mikroni 2. Utando huo unazuia amerisiamu isitoke, na ni mwembamba kiasi cha kuruhusu chembe za alfa, yaani mnururisho inaoutoa, zipite. Kikopo hicho hakifunguliwi. Hakuna kitu ndani yake cha kusafisha kwa mkono wala cha kutengeneza.

Kiasi chenyewe ni kidogo mno. Kwa 37 kBq, amerisiamu yote iliyomo ni takriban gramu 0.00000029. Gramu moja ingetosha vifaa zaidi ya milioni 3. Hata hivyo, kiasi hicho kidogo kinarusha chembe za alfa 37,000 kila sekunde, nyingi zikiwa na nishati ya MeV 5.49 (megaelektronivolti), na kila moja huvunja hewa kuwa jozi za ayoni kama 160,000 kabla haijachoka. Kati ya sahani mbili za chemba, betri huzivuta ayoni hizo upande huu na upande huu, na mkondo mdogo sana wa umeme hupita, usiozidi sehemu moja ya bilioni ya ampea. Moshi unapoingia, punje zake hunasa ayoni. Ayoni iliyobeba punje ya moshi ni nzito, huenda polepole, na nyingi hukutana na wenzake na kufutana kabla hazijafika. Mkondo hushuka, na bodi ikiuona umeshuka hupiga king'ora.

Vifaa vizuri vina chemba mbili, moja wazi kwa moshi na moja karibu imefungwa, bodi ikilinganisha kati yake. Kwetu hili lina maana. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kati ya Januari yenye mvua na Agosti kavu unyevu hubadilika sana. Mabadiliko hayo hugusa chemba zote mbili kwa pamoja, tofauti kati yake inabaki palepale, na kifaa hakidanganyiki. Cha chemba moja kingeyumba.

Mbona wakachagua amerisiamu, si kitu kingine? Kwa sababu sifa zake zimekaa vizuri pamoja. Alfa zake hazisafiri zaidi ya sentimita 4 hewani na karatasi moja inazizuia, kwa hiyo kazi yote inaishia ndani ya kikopo. Gama yake kuu, yaani mnururisho unaopenya kuliko alfa, ni ya keV 59.5 (kiloelektronivolti), dhaifu. Nusu-maisha yake ni ndefu kiasi kwamba mkondo haubadiliki katika maisha ya kifaa, na ni fupi kiasi kwamba chembe isiyoonekana kwa macho inatosha. Radiamu iliwahi kutumika kwa kazi hiyohiyo, lakini gama za jamii yake ni kali mno. Na dioksidi ya amerisiamu huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 2,000, maana yake moto wa nyumba hauiyeyushi.

Elementi hii haichimbwi popote, wala Kolwezi wala Likasi. Namba yake ni 95, iko mbele ya uraniamu ambayo ni 92, na ilipatikana kwa kutengenezwa. Mwishoni mwa mwaka 1944, katika maabara ya metalojia ya Chuo Kikuu cha Chicago, Glenn Seaborg, Ralph James, Leon Morgan na Albert Ghiorso waliichunguza plutoniamu iliyokaa ndani ya tanuri ya nyuklia. Plutoniamu-239 ikimeza nyutroni moja huwa 240, ikimeza ya pili huwa 241. Hiyo 241 haitulii: ina nusu-maisha ya miaka 14 hivi, na inapotoa beta huwa amerisiamu-241. Njia ni hiyohiyo hadi leo. Amerisiamu ya vifaa hivi hukamuliwa kutoka katika plutoniamu iliyozeeka.

Kuitambua kulikuwa kazi ngumu. Kuriamu, elementi ya 96, iliyopatikana miezi michache kabla, inafanana nayo kitabia kiasi kwamba kuzitenganisha kuliwasumbua, na zote mbili zinafanana na jamii ya metali adimu za udongo. Kundi hilo la wanakemia lilizipachika kwa muda majina ya "pandemonium" na "delirium", yaani ghasia na weweseko, na majina hayo yanaeleza shida yao vizuri kuliko ripoti. Seaborg alifanikiwa alipokubali kwamba elementi hizi nzito ni safu yao wenyewe katika jedwali. Ndiyo sababu ya jina: europiamu, iliyo juu yake katika jedwali, imepewa jina la Ulaya, na hii ikapewa la Amerika. Umma uliisikia kwa mara ya kwanza redioni, tarehe 11 Novemba 1945, mtoto mmoja katika kipindi cha maswali alipomuuliza Seaborg kama kuna elementi mpya zimegunduliwa. Akajibu kweli, siku 5 kabla ya tangazo rasmi. Mwaka 1964 alipewa hataza ya elementi hiyo nchini Marekani, jambo ambalo ni nadra sana kwa elementi.

Msomaji wa Katanga ana sababu ya kuijali historia hii. Tanuri za nyuklia za miaka ile zililishwa uraniamu, na sehemu kubwa ya uraniamu ya mradi wa Marekani wa bomu la atomu ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Edgar Sengier wa kampuni ya migodi ya Union Minière alikuwa amesafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, na Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Kwa hiyo kuna uhusiano wa kweli kati ya ardhi yetu na elementi zilizozaliwa katika tanuri zile. Lakini uhusiano huo haumaanishi kwamba ndani ya kifaa kuna jiwe la Shinkolobwe. Hakuna uraniamu humo, na wanaokiogopa kwa kukifananisha na mawe yale wanaogopa kitu ambacho hakimo.

Je, hatari ipo? Kikiwa juu ya dari, kifuniko kikiwa kimefungwa, hatari haifikii kiwango cha kuhesabika nyumbani. Alfa haitoki nje ya plastiki. Gama inayotoka ni kidogo mno ukilinganisha na mnururisho wa asili ambao binadamu hupata kutoka ardhini, angani na katika chakula, wastani wa dunia ukiwa mSv 2.4 (milisiveti, kipimo cha mnururisho unaoupata mwili) kwa mwaka. Mtoto akilala chini yake hapati madhara. Hatari huanza pale mtu anapofungua kikopo, kukwaruza kitone, kukisaga au kukichoma kwa gesi ya kuchomelea. Vumbi la amerisiamu likiingia mapafuni au tumboni, alfa zile ambazo karatasi ilizizuia sasa zinapiga nyama moja kwa moja, na amerisiamu hukaa katika mifupa na ini kwa miongo mingi.

Na tuseme wazi kuhusu ile dhahabu, kwa sababu mji wetu una mikono mingi inayojua kutafuta madini. Ni utando wa mikroni 2 juu ya kitone cha milimita chache. Hata ukivunja vifaa mia moja hupati cha kumpelekea mnunuzi, na utakuwa umejipaka kitu kisichooshwa kwa sabuni. Wanaofumua vifaa vya elektroniki kwa ajili ya shaba wakiweke hiki kando kikiwa kizima.

Sasa tuje kwenye utendaji, maana hapo ndipo pesa yako inapojibiwa. Chukua sinia la chuma, liweke sakafuni chini ya kifaa, mwenzako akishika ndoo ya maji. Washa karatasi mbili zilizokunjwa ziwake kwa mwali. Cha ayoni kinachofaa hulia upesi, mara nyingi hata kabla jicho halijaona moshi kwenye dari, kwa sababu moto wa mwali hutoa punje ndogo sana na nyingi, na punje ndogo ndizo zinazonasa ayoni vizuri. Kisha fungua madirisha, subiri hewa isafike, urudie kwa koili ya mbu au kitambaa cha pamba kinachofukuta bila mwali. Hapa utaona tofauti: moshi ni mwingi, mweupe, unaonekana, na kifaa bado kimya. Punje za moto unaofukuta ni kubwa na chache. Cha mwanga hukishinda hapo waziwazi, kwa sababu punje kubwa hutawanya mwanga vizuri. Usifanye jaribio kwa kupulizia marashi wala dawa ya wadudu, kwani mafuta yake huganda ndani ya chemba na kifaa hakirudi kama kilivyokuwa.

Basi linganisha na mioto ya kwetu. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika watu huwasha mshumaa, mshumaa huanguka kwenye pazia, na huo ni moto wa mwali. Petroli ya jenereta ikishika, ni mwali. Plaki (jiko la umeme) iliyosahauliwa ikiwa imewashwa umeme ulipokatika, umeme ukirudi usiku na kukuta juu yake kikapu au nguo, hufukuta kwanza kisha huwaka. Godoro la sponji lililoguswa na sigara au na kaa la moto hufukuta muda mrefu, na moshi wake unaua kabla ya mwali. Ndiyo maana tunasema sebuleni na karibu na chumba cha jenereta weka cha ayoni, na vyumbani mwa kulala weka cha mwanga. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, na korido yako inapakana na jiko, chukua cha mwanga. Cha ayoni karibu na jiko kitalia kila siku mafuta ya kukaangia yakipata moto, na siku ya tatu mtu atakitoa betri. Kifaa kisicho na betri ni pambo.

Mahali pa kukifunga ndipo wengi wanapokosea. Katika nyumba yenye dari, kiweke katikati ya chumba, au angalau sentimita 30 kutoka ukutani na kutoka kwenye taa. Kikilazimika kuwa ukutani, kiwe kati ya sentimita 15 na 30 chini ya dari. Kisiwe chini ya mita 3 kutoka jikoni, wala mbele ya dirisha au feni, kwa sababu upepo huufukuza moshi. Nyumba isiyo na dari ina shida yake. Chini ya mabati mchana hewa huwa ya moto kupita kiasi, wakati vifaa vingi vimepangiwa kufanya kazi kati ya nyuzi 4 na 38. Zaidi ya hapo, tabaka la hewa ya moto chini ya mabati huusimamisha moshi usipande hadi juu. Na alfajiri mabati yakipoa, unyevu hutona. Kwa hiyo usikifunge kwenye bati. Pigilia ubao kwenye boriti, kiwe ndani ya sentimita 90 kutoka kileleni kwa kwenda chini, lakini acha angalau sentimita 10 za juu kabisa, maana pale kona hewa haitembei.

Betri inahitaji umakini uleule. Soma namba yake: 6F22 ni ya zinki na kaboni, 6LR61 ni ya alkalini. Nunua ya 6LR61. Zile za 6F22 zimejaa sokoni, ni rahisi, zinachoka mapema, na zikichoka huvuja na kula vituo vya shaba. Za kuchaji pia hazifai hapa, kwa kuwa nyingi huwa chini ya volti 9 na hupoteza chaji zikiwa zimekaa tu, kisha kifaa kinaanza kulalamika. Malalamiko hayo ni mlio mfupi mmoja, tiki, kila baada ya sekunde 30 hadi 60, na kwa kawaida huanza usiku wa manane kwa sababu baridi hushusha volti. Katika miezi ya Juni na Julai utausikia zaidi. Chenye alama EN 14604, kiwango cha Ulaya, kinatakiwa kuendelea kutoa mlio huo kwa siku 30, chenye UL 217, kiwango cha Marekani, kwa siku 7. Ukisafiri wiki mbili ukiwa na hicho cha pili, unaweza kurudi ukakuta kimya na ukadhani yote ni salama. Bonyeza kitufe cha jaribio kila mwezi, na kila unaporudi safarini. Mlio kamili ni desibeli 85 kwa umbali wa mita 3. Kama katika chumba kilichofungwa mlango hausikiki vizuri, basi nyumba inahitaji kifaa cha pili.

Kitufe kinapima bodi, betri na pembe. Hakikuambii kama vumbi limeziba nafasi za kikopo, na vumbi ndilo adui mkuu hapa. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi jekundu la mitaa ya Katuba na Ruashi hupenya kila mahali. Likiingia chembani hufanya kama moshi, kifaa hulia ovyo. Likijaa zaidi huziba nafasi na kifaa kinakuwa kiziwi. Wakati wa kiangazi, mara moja kwa mwezi pitisha brashi laini kavu, kama ya rangi ambayo haijatumika, kuzunguka nafasi za nje. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina maji. Usitumie kitambaa chenye maji wala petroli. Mvua za kwanza zikija, kumbikumbi na wadudu wadogo hufuata taa na huingia ndani ya kikopo. Ndiyo sababu nyingine ya kukiweka mbali na taa. Fundi akija kupaka rangi dari, kifaa kishushwe kwanza, kwa kuwa rangi ikishaingia katika nafasi hizo hakuna brashi inayoitoa.

Turudi kwenye mbabula. Makaa yaliyoshika vizuri hayatoi moshi, hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo haina punje. Inapita chembani kama hewa safi, ayoni zinaendelea na safari yao, mkondo haushuki, kifaa kinakaa kimya juu ya watu wanaokufa usingizini. Si kasoro ya kifaa, ni kwamba hakikuundwa kwa kazi hiyo. Kuna kifaa kingine cha kuhisi monoksidi ya kaboni, na boksi lake huandikwa "CO". Mbabula ikae nje ya chumba cha kulala, hata kama baridi ya Julai ni kali, na jenereta isiwashwe ndani wala chini ya dirisha.

Kuhusu kiwango cha amerisiamu, angalizo moja kwa wanaofanya kazi migodini na barabarani. Vipo vipimo vya unyevu na mshindilio wa udongo, masanduku ya njano yenye mpini mrefu, ambavyo ndani yake mara nyingi mna amerisiamu iliyochanganywa na beriliamu, kwa kawaida GBq 1.48. Hiyo ni mara 40,000 ya kitambua moshi, na hutoa nyutroni. Tuliyosema juu ya kifaa cha nyumbani yasihamishiwe huko. Sanduku kama hilo likikutwa limetupwa, lisiguswe. Jambo hilo ni la CNPRI, kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mnururisho.

Kifaa kikifika miaka 10, kishushe chote kikiwa kizima. Toa betri. Usikitupe kwenye shimo la lupango (kiwanja cha nyumba) ambamo takataka huchomwa, wala usimpe mtoto akichezee, wala usikiuze kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Baadhi ya watengenezaji huandika mgongoni anwani ya kukirudisha, na duka kubwa linaloagiza kwa makontena linaweza kukusanya na kurudisha kwa pamoja. Uliza kabla ya kununua, siyo baada. Hadi hapo, kifunge kwa utepe wa kunata ili kifuniko kisifunguke, kitie katika kopo la maziwa lenye mfuniko, andika tarehe kwa kalamu nzito, na ukiweke mahali pakavu mbali na moto. Lebo ya mgongoni usiibandue. Kilichotengenezwa mwaka 2025 kitakuwa bado na zaidi ya asilimia 94 ya amerisiamu yake mwaka 2060, na atakayekishika wakati huo atahitaji kuisoma.